Siku Tatu Kwenye Dirisha la Malkia

4 Februari

Kwa Msimamizi wa Magofu ya Ngome ya Kifalme,

Salaam nyingi.

Hunijui. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mikoba katika chumba cha mbele cha nyumba yangu. Marehemu mume wangu alikuwa mwashi. Walimwita Timazi, kama ile kamba ya waashi ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu hata picha ukutani ikilala upande kidogo alikuwa hawezi kula mpaka ainyooshe. Alifariki miezi minane iliyopita.

Nimesoma tangazo lenu katika kipande cha gazeti nilichofungiwa vifungo dukani. Mnasema dirisha la malkia, lile linalotazama bahari, litabomolewa lote mwanzoni mwa Mei kwa kuwa lilikarabatiwa kwa saruji. Dirisha hilo alilijenga upya mume wangu miaka ishirini na sita iliyopita. Kwa heshima zote, nadhani mmekosea.

Mume wangu hakutia saruji katika ukuta ule. Sisemi hivi kwa kuwa alikuwa mume wangu. Kuna mengi aliyofanya ambayo siwezi kumtetea, kwa mfano kukausha soksi juu ya cherehani yangu. Nasema kwa sababu mimi ndiye niliyefua mashati yake. Chokaa hula pindo za mikono polepole, kitambaa kinakuwa chepesi mpaka unaona kidole kwa upande wa pili. Saruji haili. Saruji huganda, ukifikicha inakatika pamoja na shati. Mashati ya miezi ile yote yaliliwa. Moja bado ninalo. Ukitaka kuliona nitalileta.

Alikuwa na mwenzake huko kazini, kijana mmoja, aliyempa jina la Kijiko. Alisema anashika mwiko kama mtu anayekoroga chai. Siku hizo tulikuwa tunaishi karibu na ngome, na kila jioni tulipata kisa kipya cha Kijiko. Kama bado yuko sehemu hizo, naomba umfikishie salamu, na umwambie Timazi hayupo tena.

Naomba nije nilione dirisha kabla hamjaligusa.

Ni mimi,
Mke wa Timazi


15 Februari

Mama,

Barua yako imefika, na pole sana kwa msiba. Sikuwa na habari.

Kuhusu dirisha, nasikitika kukuambia kwamba hakuna makosa. Wataalamu walichukua kipande na kukipima. Ni saruji. Ukuta wa chokaa unapumua, Mama. Chumvi ya bahari inaingia na kutoka. Saruji inaifungia chumvi ndani, na jiwe linaliwa kutoka tumboni. Mawe ya miaka mia saba yameanza kumeguka kama mkate mkavu. Lisipoondolewa, tao litaanguka, na pengine litamwangukia mtu.

Halafu kuna daftari la kazi la mwaka ule. Humo imeandikwa kwamba saruji ilitumika, kwamba mwashi mkuu alikiri mbele ya mkaguzi, na kwamba aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Jina lililoandikwa ni la mumeo. Nisingependa kuwa mtu wa kukuambia haya.

Safari ya huku ni ndefu na kuna vidato mia moja na nne mpaka juu, tena upepo wake si mchezo. Nakushauri usijisumbue. Mkumbuke kama ulivyomjua, mtu wa kupanga mawe huku anapiga mluzi, wimbo mmoja tu kutwa nzima. Hilo hakuna atakayelibomoa.

Wako katika kazi,
Msimamizi


24 Februari

Kwa Msimamizi,

Nashukuru kwa majibu. Nimeyasoma mara tatu.

Kwamba aliachishwa kazi, sikujua. Aliniambia tu, "Kazi ya ngome imekwisha," akatundika mfuko wake wa vifaa msumarini. Mtoto alikuwa mchanga, nikafurahi kwamba baba yake yuko nyumbani. Sikumuuliza kingine. Sasa najiuliza kwa nini sikuuliza.

Lakini kukiri ni neno, na shati ni shati. Mimi bado nasimama na shati.

Goti langu la kushoto limechakaa kwa kukanyaga pedali, na hivyo vidato vyako lazima nivitafutie mbinu. Kwa sasa namtuma binti yangu. Anatengeneza miwani katika mji ulio karibu nanyi, na macho yake hayapitwi na kitu. Naomba umwonyeshe dirisha, na umwonyeshe hilo daftari.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, kuna jambo jingine nalidai kwenye huo ukuta. Mume wangu alinichukulia vigurudumu vitatu vya uzi mwekundu, ule mzito wa nailoni wa kushonea mikoba. Alisema anautumia kunyooshea kozi za mawe, yaani safu zake. Nilipomwambia aurudishe akajibu, "Umebaki ukutani." Tuligombana siku mbili. Nilidhani ananikwepa kwa utani, kama kawaida yake. Kama umebaki ghalani kwenu, mpe binti anirudishie.

Mke wa Timazi


9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Ningekupigia simu, lakini najua utasema simu huwezi kuiweka kabatini. Haya, hii ya kabatini.

Nimefika. Ngome iko kwenye mwamba, na upande wa bahari kuta zake zimesimama zenyewe bila paa, kama meno ya mzee. Chini kuna ukumbi wa wafalme. Sakafu imeota majani, na katikati kuna meko kubwa, unaweza kuegesha gari dogo humo ndani. Kulikuwa na baba mmoja na wanawe wawili wanabishana mfalme alikuwa anajisaidia wapi. Msimamizi akawaonyesha tundu ukutani, moja kwa moja mpaka baharini. Watoto hawakutaka kuondoka hapo tena.

Yeye mwenyewe ni mtu mrefu, mpole, wa karibu miaka sitini. Nilipojitambulisha alinitazama muda mrefu. Akasema, "Una paji la uso la baba yako." Nikamwambia, "Kumbe ulimjua?" Akajibu kwamba upepo umezidi, tupande.

Mama, dirisha ni zuri. Tao lake linakaa juu yako kama nyusi. Kuna kibaraza cha jiwe mahali malkia alipokuwa anakaa, kimelika kwa kukaliwa, na ukikaa unaona bahari peke yake. Nilikaa. Nikaweka kiganja ukutani. Sehemu kubwa ni nyeupe na laini kidogo, ukisugua inaacha unga mkononi. Lakini upande wa kulia, kuanzia kibarazani mpaka usawa wa bega langu, ni kijivu na baridi. Kozi saba, nimehesabu. Mawe yaliyo kando yake yanapukutika. Kwa hiyo saruji ipo, Mama. Lakini haipo dirisha zima. Nikamuuliza kwa nini basi wanabomoa lote. Akasema wakubwa wanasema mtu aliyetia saruji sehemu moja haaminiki sehemu nyingine.

Alitaka kunionyesha jinsi chokaa inavyopakwa. Akachukua mwiko. Mama, aliushika kwa vidole vitatu, kwa ncha. Kama anakoroga chai.

Tukateremka ofisini, akanifungulia daftari, halafu akatoka nje eti kuangalia tiketi. Wageni wote walikuwa wameshaondoka. Nikasoma. "Tarehe 11 hadi 13 Machi, saruji imetumika dirisha la malkia. Mwashi mkuu amekiri." Chini kuna sahihi ya mkaguzi, na sahihi ya shahidi.

Tarehe 11 hadi 13. Siku tatu kutoka leo, tarehe 12, natimiza miaka ishirini na sita. Niambie tena Baba alikuwa wapi nilipozaliwa. Najua kisa, umenisimulia mara mia. Niandikie tu, nikione kwa mwandiko wako.

Na niruhusu nirudi huko nikamkabe huyu mzee kwa maswali. Sijalala vizuri tangu nitoke.

Binti yako


14 Machi

Mwanangu,

Hongera ya kuzaliwa, hata kama inachelewa.

Baba yako alifika tarehe 11 jioni. Jirani alimpigia simu ofisini kwao kwamba uchungu umenianza. Alikuja na chokaa kwenye nyusi. Mkunga akamwambia, "Wewe mzimu, kaoge kwanza." Akaoga, akarudi, nyusi bado nyeupe. Ulizaliwa kesho yake, saa tatu asubuhi. Alikushika kwa mikono miwili mbali na kifua chake, akafumba jicho moja, akakutazama kama anavyotazama ukuta. Akasema, "Huyu kanyooka." Mkunga alicheka mpaka akakaa chini. Tarehe 13 alipika uji, ukaungua, tukaunywa. Tarehe 14 alfajiri akarudi kazini. Usiku ule ndio aliosema kazi imekwisha.

Ndivyo ilivyokuwa. Kadi ya kliniki ipo, na mkunga bado yu hai.

Usirudi kumkaba mtu. Huyo amebeba kitu miaka ishirini na sita. Nataka akitue mwenyewe. Nitamwandikia mimi.

Ila najua kumkasirikia ni haki yako. Mimi pia nimeshona mfuko mmoja mara nne leo, kila mara nimeushona kichwa chini miguu juu.

Mama yako


14 Machi

Kwa Msimamizi,

Tarehe 11, 12 na 13 Machi mume wangu alikuwa nyumbani. Naambatanisha kadi ya kliniki ya kuzaliwa kwa binti yetu. Irudishe, ni moja tu.

Jambo jingine. Katika barua yangu ya kwanza sikukuambia kwamba alikuwa anapiga mluzi. Na daftari la kazi haliandiki mluzi.

Nangoja.

Mke wa Timazi


27 Machi

Shemeji,

Nimeandika barua hii mara sita. Hii ya saba naipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Kijiko ni mimi.

Simu ilipokuja siku ile, Timazi alitupa mwiko kwenye ndoo akanikabidhi dirisha. Alisema, "Usijenge. Koroga chokaa, uifunike, unisubiri." Chokaa ilikuwa changa, ilihitaji kulala. Lakini mkaguzi alikuwa anakuja tarehe 14, upande wa kulia ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mbili niliyechoka kuitwa Kijiko. Nikataka arudi akute kazi imekamilika, ashangae. Kule chini walikuwa wanajenga kibanda cha tiketi. Nikaomba mfuko mmoja wa saruji. Siku tatu, kozi saba. Niliona nimefanya kazi safi sana.

Alirudi alfajiri, anacheka, anamwambia kila mtu kwamba ana binti. Akapanda vidato mbiombio. Mimi nilisimama pale kama bwana harusi. Akaliona. Hakunifokea. Alipitisha kidole kwenye kiungo cha mawe, akakilamba, akatema. Akasema, "Ah, Kijiko." Basi.

Mkaguzi alipofika akauliza, "Kazi hii ya nani?" Mdomo wangu ulifunguka, Shemeji, naapa ulifunguka. Timazi akatangulia: "Ukuta ni wangu. Mimi ndiye niliyeuacha." Wakamfukuza papo hapo, wakaniita nitie sahihi kuwa shahidi. Nikatia. Alipokuwa anakusanya vifaa nilimfuata. Akaniambia, "Wewe umeshaonywa mara mbili, ya tatu ni yako ya mwisho, na kazi hii unaipenda kuliko unavyoiweza. Jifunze. Siku moja utaziondoa hizo saba kwa mkono wako." Nikajifunza. Nimekaa hapa miaka yote hii, nikawa msimamizi. Saba zile nimezipita kila asubuhi. Sikuzigusa, kwa sababu kuzigusa ni kusema. Sikumwandikia pia. Nilijiambia nitakwenda mwaka huu, nitakwenda mwaka ujao. Halafu ikaja barua yako.

Nimewaandikia wakubwa ukweli wote, na sahihi yangu chini. Wakitaka kunitoa, wanitoe. Lakini wamejibu kwamba neno langu halitoshi kuokoa sehemu iliyobaki, kwa sababu ndilo neno lililodanganya. Wanataka waonyeshwe ukutani kwenyewe kazi ya Timazi inaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa macho rangi zimeanza kuchanganyika, na kupima kila jiwe hawataki. Tarehe ya kubomoa iko palepale.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kadi ya binti hii hapa, nimeitia ndani ya karatasi ngumu isikunjike.

Kijiko


5 Aprili

Shemeji,

Kwa hiyo ni wewe. Kila jioni ulikuwa mezani kwetu na hukujua. Siku uliyoanguka ndani ya pipa la maji tulicheka mpaka chakula kikapoa.

Nilikasirika siku nne. Nikaenda kaburini kumuuliza kwa nini hakuniambia, nikajijibu mwenyewe njiani: angeniambia, ningevaa viatu nije huko siku hiyohiyo na mtoto mgongoni, na wewe ungekuwa huna kazi. Alinijua. Kwa hiyo aliamua, na mimi siwezi kuufumua mshono wake. Wewe ulichelewa. Hilo nalisema mara moja, sitalirudia.

Sasa tufanye kazi. Niambie, huko kwenu kuna sheria kwamba kazi mpya iwekewe alama, isije ikajifanya ya zamani? Nakumbuka alinieleza. Alisema mwashi mzuri hafichi alipogusa. Wengine wanapanga vigae vyembamba, wengine wanachora. Nilimuuliza, "Wewe unaweka nini?" Akachukua kigurudumu changu cha uzi, akakirusha juu, akakidaka, akaondoka. Mimi nikamkimbiza mpaka mlangoni.

"Umebaki ukutani," alisema. Miaka yote nimeona ni utani. Juzi nikiwa natia uzi kwenye sindano nikasimamisha cherehani. Vigurudumu vitatu, Shemeji. Mtu hanyooshei kozi kwa vigurudumu vitatu. Kamba moja inatosha, unaihamisha.

Kwaruza kiungo kimoja kwenye ile sehemu nyeupe. Taratibu. Nailoni haiozi.

Mke wa Timazi


13 Aprili

Shemeji,

Upo!

Niliwaita wakubwa kwanza, nikasubiri waje ndipo niguse, wasije wakasema nimeupachika mimi. Walikuja watatu, mmoja amevaa viatu vya harusini. Nilikwaruza kwa ncha ya mwiko, urefu wa kidole, na uzi ukajitokeza, mwekundu kama ulikatwa jana. Nikashuka kozi nyingine: upo. Nyingine: upo. Amelaza mmoja kila kozi, ndani ya chokaa, tangu kibarazani mpaka chini ya tao. Yule wa viatu alitoa miwani yake akaufuata kwa kidole mpaka upande wa kulia. Pale kijivu kinapoanzia, ukakoma. Kozi zote saba, hakuna uzi hata mmoja. Akasema, "Haya, mtu huyu ametuandikia." Wakashuka.

Dirisha linabaki. Zinatoka saba tu. Kazi ya kuziondoa na kuzijenga upya wamenipa mimi, kabla ya kustaafu. Kuhusu adhabu yangu wataamua baadaye, na nitaipokea.

Najua sina haki ya kukwambia njoo. Ila chokaa nimeshaikoroga na kuifunika. Itakuwa tayari tarehe 18 Mei. Safari hii naingoja.

Kijiko


20 Mei

Mwanangu,

Nimepanda vidato vyote mia moja na nne. Ulisema utanishika mkono, ukakosa ruhusa kazini, basi nimeshikwa na Kijiko. Tulipumzika mara tano. Kila tukisimama ananionyesha kitu: hapa ghala la nafaka, hapa walinzi walikuwa wanacheza bao, angalia wamechonga mashimo kwenye sakafu, mkubwa wao asijue. Nilipofika juu nilikuwa siwezi kusema, na nadhani alifanya makusudi ili nisipate pumzi ya kumgombeza.

Nimekaa kwenye kibaraza cha malkia. Nilivaa lile shati la baba yako juu ya gauni, upepo ukaingia kwenye pindo zilizoliwa. Kijiko aliliona, akageuka akajifanya anatafuta nyundo.

Alizitoa zile saba kwa patasi, moja moja, bila kuumiza jirani zake. Mikono yake ni hodari sasa, ila mwiko bado anaukoroga. Nilimwambia. Akasema, "Timazi alinifundisha kila kitu isipokuwa hilo." Tulicheka sisi wawili, wazee wazima, juu ya ukuta.

Nilikuwa nimemletea kigurudumu kipya cha uzi, rangi ileile. Kila alipopaka chokaa mimi nililaza uzi, yeye akaweka jiwe. Nilipokaribia ile sehemu ya baba yako nilitafuta ncha ya uzi wake. Nikaipata. Nikafunga fundo la kwetu mafundi cherehani, lile lisilofumuka, na kuendelea.

Kozi ya saba ilipokwisha tulishuka ofisini. Alifungua daftari la mwaka ule, akasema wakubwa wameruhusu marekebisho yaandikwe pembeni, lakini yeye hataki kuyaandika, mwandiko wake umeshasema uongo kwenye ukurasa ule. Akanipa kalamu. Nafasi ilikuwa ndogo, kama lebo ya shati. Nilifikiri kidogo, nikaandika hivi:

"Tarehe 11, 12 na 13 Machi mwashi mkuu hakuwapo kazini. Alikuwa nyumbani. Amepata binti, amenyooka."

Kijiko akatia sahihi kuwa shahidi.

Mama yako